Nne Nukta Tisa

Tangu saa tatu jana usiku sijatia kitu kinywani,
hata kahawa, hata tende moja ya fardhi.
Ghania alilifunga friji kwa macho,
akalala akikoroma, na macho bado yakilinda.

Asubuhi, kituo cha afya cha Ibra,
wazee wanne juu ya viti vya plastiki,
kanzu zimepigwa pasi, matumbo yananguruma hadharani.
"Umefunga?"
"Nimefunga."
"Mwezi gani huu?"
"Wa sindano, ndugu yangu."

Sista Lissy wa Kerala ana Kiarabu cha sokoni
na maneno matatu ya Kiswahili tuliyomfundisha sisi:
kunja, pole, kwisha.
Anaukaza mpira juu ya kiwiko.
Mshipa unaona haya, unajificha;
anaugonga kwa vidole viwili kama mtu apigaye hodi.
Damu inaingia kichupani, nyeusi kuliko nilivyodhani.
Miaka sabini na moja nimekaa nayo
na hatujapata kutazamana hivi.

Kisha kijana wa utafiti, Muhannad, na karatasi zake.
Anataka wanaume wa sitini kwenda juu.
Ataandika mafuta ya damu zetu, sukari, presha,
na baada ya miaka kumi atarudi kuuliza tena.
"Atamuuliza nani?" akasema Zahran.
Hatukucheka papo hapo.

Katika ukoo, nani alikufa kwa moyo?
Nikahesabu kwa vidole. Baba, kule Wete, akivaa kiatu.
Ami Thani.
Ndugu yangu Mbarak, njia ya Sinaw,
taa zinawaka, injini inaunguruma, mguu juu ya breki.
Hakumgonga mtu. Hata kufa alikufa kwa adabu.
Kijana akaandika: watatu.

Wiki ikapita. Daktari Thuraya akanigeuzia kioo cha kompyuta.
Mbaya: nne nukta tisa.
Nzuri: sifuri nukta nane.
Nikauliza kama hazibadilishani nafasi.

Akasema mafuta hayaogelei peke yake damuni,
hupakiwa. Wako wachukuzi wa kupeleka,
wako wachukuzi wa kurudisha.
Kwako wewe wapelekaji ni umati,
warudishaji wamestaafu.

Nikamwambia hayo nayajua.
Miaka kumi na tisa nilikuwa wakili wa falaji,
nikigawa maji kwa jua na kwa nyota,
nikiingiza vijana chini kutoa matope.
Basi tutoe matope.
Akatikisa kichwa.
"Si matope, baba. Hayatuami chini ya mkondo.
Yanaingia ndani ya ukuta."

Hapo nikanyamaza,
maana na kuta nazijua.
Nyumba ya babu pale Minzfah, udongo na fedha ya karafuu,
haikuangushwa na mafuriko wala na vita.
Chumvi ilipanda ndani kwa ndani,
chokaa ikavimba kama shavu la mwenye jino,
nasi kila Idi tukipaka rangi juu yake.
Siku sebule ilipoporomoka
hapakuwa hata na upepo.

Kidonge kimoja usiku, kidogo kuliko dengu.
Kutembea nusu saa kabla jua halijawa kali.
Samli, Ghania kaigawa kwa jirani;
niliuona mkono wake ukisita mlangoni.

Siku ya pili ya Idi, shuwa imefukuliwa shimoni,
majani ya ndizi yameungua,
nyama inaachana na mfupa kwa salamu tu.
Zahran kaketi mkabala wangu.
"Wewe ngapi?"
"Nne nukta tisa."
"Mimi tano na moja," kwa fahari,
kama atajaye bei ya mbuzi wake Jumatano sokoni.

Mjukuu ananitilia kipande cha heshima, kinachometa.
Nakitazama. Ghania anakitazama.
Nakipasua kwa kidole gumba.
Nusu moja sitaisemea.
Nusu ya pili naivusha juu ya wali, pole pole, hadi ukingoni mwa sinia:
mchukuzi mmoja, mzee,
anarudisha.